Nahodha Mwenye Chombo

Wahenga walinena: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Timu ya OG, ya mchezo wa kompyuta uitwao Dota 2, iliasisiwa mwaka 2015 na marafiki wawili waliokuwa pia wachezaji wake: Johan Sundstein wa Denmark na Tal Aizik wa Israel. Mwaka 2018, miezi michache kabla ya mashindano makuu, Aizik alihamia timu ya Marekani. Sundstein alibaki, akakusanya mabaharia wapya. Kocha Sébastien Debs akarejea uwanjani. Agosti, mjini Vancouver, waliishinda timu ya Aizik, kisha wakatwaa ubingwa na dola zaidi ya milioni 11. Mwaka 2019 wakautwaa tena, Shanghai. Uasisi haukumfunga Aizik chomboni. Uongozi ni kubaki pale ambapo kushuka kungesameheka.