Mbegu Isiyo na Baba

Panda mbegu ya ndimu, uingoje. Mara nyingi hutaona mche mmoja, bali miwili au mitatu ikitoka katika mbegu ile ile. Watu hudhani kuwa ni pacha tu. Lakini mmoja huenda ukawa mtoto wa baba na mama, umetokana na chavua, ule unga wa manjano ambao nyuki huuchukua toka ua hata ua. Na wenzake wametoka katika mwili wa mama peke yake, hawana cha baba hata kidogo. Kwa hiyo hufanana na mama kwa kila hali, kana kwamba ni tawi lake lililokatwa na kupandwa.

Jambo hili liliwatatiza hata wenye elimu. Gregor Mendel, yule mtawa wa Brno aliyetangaza mwaka wa 1866 jinsi njegere zirithivyo wazazi wao, alijaribu tena kwa mmea wa porini uitwao Hieracium. Alipopata chotara, watoto wake wakatoka sawasawa na mama, wala kanuni ya njegere haikuonekana. Alikufa mwaka wa 1884 asijue sababu: mmea ule huzaa pasipo baba.

Haya yamhusu nini mkulima? Yamhusu kwa ajili ya mahindi. Mahindi chotara yaliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka wa 1964 yalizaa sana. Bali ukiweka mbegu za chotara na kuzipanda tena, urithi hutawanyika: shina hili refu, lile fupi, lile lina gunzi dogo, na mavuno hupungua. Basi kila msimu ni kwenda dukani. Wako wazazi wa wanafunzi wangu wauzao kuku kabla ya mvua wapate mfuko mmoja wa mbegu, nami siwacheki wapandao zile zilizo darini.

Je, kama chotara angezaa kama ndimu? Mwishoni mwa mwaka wa 2018 wataalamu wa chuo kikuu kilichoko Davis, California, walitangaza kwamba wameupata mpunga wa namana hiyo. Walizuia ule mchanganyiko wa urithi utokeao mmea unapofanya yai, kisha wakaliamsha yai likue bila chavua. Mara ya kwanza ni sehemu ndogo tu ya mbegu zilizofanana na mama. Mwaka wa 2022, katika mpunga chotara, zikapita 95 katika kila 100.

Sijui kama wauzao mbegu watapenda kumwuzia mtu mara moja tu. Tena shamba ambalo kila shina ni sawa na jirani yake, ugonjwa uliweza moja utayaweza yote. Kwa hiyo ningependa wataalamu watupe mama wengi, si mmoja, kila bonde lipate wa kwake.