Barua ya Mkataba Itangulie Usajili

Mwezi uliopita tulialikwa kuwasikiliza wagombea wa uongozi wa umoja wa wahadhiri wa chuo chetu. Tulikwenda wanne, tukakaa nyuma. Nusu saa nzima iliishia kwenye maegesho ya magari (sisi tunapanda basi). Ikafuata mishahara, bima ya afya, kisha uhuru wa mhadhiri kufundisha bila kuingiliwa. Hilo la mwisho ni kubwa kweli. Ndilo lililowakutanisha John Dewey na wenzake mwaka 1915 walipoanzisha AAUP, chama cha maprofesa wa Marekani.

Lakini hapa Marekani uhuru huo umeegemea ajira ya kudumu, na mwalimu wetu wa Kiswahili hana. Huu ni mwaka wake wa sita, kila mwaka na mkataba wake. Aprili sisi tunajisajili kwa masomo ya Septemba, naye hajui kama Septemba atakuwapo. Mwaka jana barua yake ilifika Agosti. Wenzetu watatu waliotaka Kiswahili cha mwaka wa tatu walikuwa wameshahamia Kihispania, darasa likakosa idadi inayotakiwa, likafutwa. Hatusemi kuna aliyekusudia ubaya. Tarehe ndizo zilizopishana.

Tukawaandikia wagombea wote barua ndefu ya kumwombea Mwalimu ajira ya kudumu. Kabla ya kuituma tulimwonyesha. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Msinitaje," akasema. "Wenye mkataba kama wangu tuko wengi: wa Kiarabu, wa Kizulu, hata wa hesabu. Ombeni tarehe."

Tuliona aibu kidogo, maana barua ile tulikuwa tumejivunia. Tukaiacha, tukaandika sentensi mbili tu: kwamba uongozi mpya, kabla ya jambo jingine lolote, ukubaliane na chuo barua za mikataba zitoke kabla ya usajili wa Aprili, na kwamba wanaoajiriwa kwa mwaka mmoja mmoja wapewe kiti katika kamati itakayojadili jambo hilo.

Wagombea ni watano. Wawili wamejibu. Mmoja ametuita tukaongee naye. Mwingine ametushukuru kwa kuipenda lugha yetu.

Kura ni wiki ijayo. Sisi hatupigi. Baadhi yenu walimu mnaosoma jarida hili mnapiga, na wagombea wanapokea maswali hadi Jumatano.