Nakadiria

Katika tasnifu yangu ya uzamili, mjomba wangu anaitwa Mshiriki wa 11. Ana miaka 47, amepika kwenye hoteli za Zanzibar kwa miaka 19, cheti hana. Sura ya nne ikimfikia inasema "hakufikia kiwango katika kipengele kimoja", kisha inahamia kwa Mshiriki wa 12.

Ninachunguza ubia kati ya vyuo vya upishi na vyama vya wapishi vya nchi za nje. Ukiusoma kwenye karatasi ni mpango mzuri, na mimi bado naamini ni mzuri. Chuo kinatoa majiko na wanafunzi; chama kinaleta vigezo, watahini na muhuri unaofahamika ng'ambo. Wala si jambo geni. Mwaka 1928 wajumbe wa vyama vya wapishi kutoka nchi 17 walikutana Sorbonne, Paris, wakaunda chama cha dunia na kumfanya Auguste Escoffier rais wake wa kwanza wa heshima. Kwa majirani zetu Nairobi, Kenya Utalii College ilianzishwa mwaka 1975 kwa mkono wa serikali ya Uswisi. Viwango vya jikoni vimekuwa vikivuka mipaka siku zote. Swali langu la utafiti lilikuwa: je, wapishi nao wanavuka?

Mjomba alijifunza kwa bibi, aliyepikia harusi nusu ya Tanga, kisha akaanza hotelini kwa kuosha sufuria. Mwaka juzi alipata nafasi Muscat, kwa mkuu wa jiko waliyewahi kufanya naye kazi Nungwi. Mshahara mara tatu ya aliokuwa nao. Walitaka kitu kimoja tu, cheti chenye muhuri wa nje.

Chuo kimoja Dar es Salaam kilikuwa kimeanza mpango wa kurasimisha ujuzi pamoja na chama cha wapishi cha Ulaya. Hukai darasani. Unapika mbele ya mtahini, ukifaulu vipengele vyote unapata cheti cha pande mbili. Asiyejiamini kwa Kiingereza aliruhusiwa kuja na mkalimani.

"Si tuna msomi nyumbani?" mjomba alisema. Basi nikaenda.

Alipewa saa tatu kupika samaki kwa sosi ya hollandaise na chakula kimoja cha kwao. Alichagua pweza wa nazi. Nilikuwa nimemla pweza huyo tangu utotoni lakini sikuwahi kumwona mjomba akiwa kazini. Hakuongea. Ubao wa buluu kwa samaki, wa kijani kwa mboga, hakuchanganya hata mara moja. Nazi aliikuna mwenyewe, akatenga tui zito na tui jepesi. Alipokuwa akipiga viini vya mayai na siagi juu ya maji ya moto, aliniinamia akanong'ona, "Hii nayo ni tui tu, mwanangu. Ukiipa moto wa haraka inakukatikia."

Sikulitafsiri hilo. Niliona ni utani wa jikoni.

Baadaye mtahini alisimama kando ya sufuria ya pweza, tui zito likiwa ndiyo kwanza limetiwa. Akauliza unajuaje joto limefika. Mjomba alishusha kiganja juu ya mvuke, akatazama povu la pembeni, akasema, "Nakadiria."

Nikatafsiri papo hapo, kwa neno la kwanza lililokuja mdomoni. Mtahini akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Neno nililompa kwa Kiingereza lina maana iliyo karibu zaidi na kubahatisha. Nimekaa na tofauti hiyo miezi mingi sasa. Serikali husoma bungeni makadirio ya mapato na matumizi. Mungu hukadiria riziki. Sijasikia mtu akisema Mungu anabahatisha. Mjomba alisema anapima, kwa kiganja chenye miaka 19. Mimi nikasema anacheza bahati nasibu.

Alifaulu vyote isipokuwa udhibiti wa joto. Angeweza kurudia baada ya miezi sita, kwa kulipa ada upya. Muscat hawakusubiri miezi sita.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za hasira kuhusu watahini wanaokuja kupima tui bila kulijua. Msimamizi wangu aliandika pembeni neno moja: "Ushahidi?" Nikaomba mafaili chuoni. Mjomba alitia saini ya ridhaa bila hata kusoma, kwa kuwa ni mimi.

Kuhusu pweza, mtahini alikuwa ameandika kwamba ni laini na ni bora kuliko vyote alivyoonja siku ile. Mstari uliofuata: "Joto anabahatisha. Kasema mwenyewe."

Kurasa tatu nilizifuta. Ni kweli kipimajoto kilikuwa mezani na mjomba hakukigusa. Pengine angeanguka hata kama ningepata neno sahihi. Sentensi hiyo nimeitumia usiku mwingi kujitafutia usingizi.

Idd iliyopita nilikwenda Tanga nikiwa nimejiandaa kumwambia. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, msomi wangu."

Alikuwa amenunua kipimajoto, amekichomeka kwenye mfuko wa shati kama kalamu. Alinionyesha kinavyowaka. Kisha akatoa fomu ya kurudia mtihani, akaniomba nimjazie sehemu za Kiingereza. Nyingi zilikuwa wazi. Ila kwenye mstari wa jina la mkalimani alikuwa ameshaandika, kwa herufi kubwa, jina langu kamili.

Nilimwomba kalamu. Akacheka, akanipa kipimajoto.