Plagi Ina Rangi Gani?

Kwa mwaka mmoja na nusu, mimi na baba hatukuzungumzia chuo. Tulizungumzia kabureta, tena sana.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 175 ya mwaka 1981, stroke mbili, imenizidi umri kwa karibu miaka ishirini. Baba aliinunua kwenye mnada akiwa afisa wa kilimo huko Kilifi, akazunguka nayo kwenye mashamba ya mihogo na korosho mpaka akastaafu. Mwaka jana aliipakia kwenye lori la mizigo, kisha akanipigia simu. "Nenda ukaichukue. Huko kuandika kwako hakuna nauli." Yalikuwa maneno mengi zaidi aliyoniambia tangu nitoke chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo iliponishinda na hamu nayo ikaisha.

Kilifi nduthi hii ilikuwa inawaka kwa kiki moja. Nairobi ikawa kesi nyingine. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, na nikivuta mafuta kwa nguvu inabwabwaja tu, kama mtu anayeongea na maji mdomoni. Vijana wa steji wakanicheka. "Mse, hii peleka makumbusho." Fundi wa kwanza akasema injini imekufa, nilete elfu kumi na nane aifungue.

Nilipomweleza baba, hata hakuuliza bei. Aliuliza, "Plagi ina rangi gani?"

Nikaitoa. Nyeusi tititi, masizi matupu. Nikamtumia picha. Akasema injini haina neno, inavimbiwa tu.

Kabureta ina kazi moja: kuchanganya petroli na hewa. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake, inavuta petroli kupitia kitundu kinachoitwa jeti. Sasa, kitundu hakijui uko wapi. Kilifi iko usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya pwani. Petroli inakuja kwa kipimo cha Kilifi, hewa inakuja kwa kipimo cha Nairobi. Plagi inalowa, moshi unatoka, na fundi anataka elfu kumi na nane.

Lakini kabureta nayo ilikuwa imezeeka. Slaidi ilikuwa inacheza ndani ya koo kama jino la mtoto, hewa inapenya pembeni. Hiyo hakuna skrubu ya kuirekebisha. Nikanunua mpya ya bei rahisi kwenye duka moja mjini. Floti yake haikuzuia mafuta, petroli ikamwagika mpaka kwenye kiatu. Nikairudisha. Baada ya Jumamosi mbili za kuzunguka Kirinyaga Road nikapata Mikuni orijino, ya mtumba, kwa 4,500. Hiyo ilikuwa malipo ya makala moja, iliyolipwa miezi mitatu baadaye.

Tulianza kuitengeneza kwa simu, mimi nimechuchumaa kwenye parking ya ploti, baba kwenye spika. Kwanza injini ipate joto. Funga skrubu ya hewa polepole mpaka mwisho, usiikaze, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo izungushe kidogo kidogo mpaka injini iimbe juu kabisa, halafu ushushe slo. Sindano, klipu ikae katikati. Jeti kuu, toa ile ya 130, weka 120.

Jeti kuu haipimwi ukiwa umesimama. Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, nilipanda Waiyaki Way kuelekea Uthiru nikiwa nimevuta mafuta yote, nikabana klachi, nikazima injini papo hapo, nikasogea kando na kutoa plagi. Bado ilikuwa nyeusi pembeni. Nikamuuliza baba kama nishuke mpaka 110.

"Twende pole pole, mwanangu," akasema. "Stroke mbili ikikosa mafuta ndiyo inakuwa tamu. Inakupeleka vizuri, vizuri, halafu pistoni inakwama." Tukajaribu 117.5. Plagi ikatoka kahawia, rangi ya chai ya maziwa.

Najua unaona hadithi hii inaelekea wapi: kijana aliyetolewa pwani, hewa tofauti, hakuna kilichoharibika. Nilishaiandika hivyo kichwani. Baba hana habari na mambo hayo, kwake jeti ni jeti. Ndiyo maana sikuwa tayari jioni aliyopiga simu, akauliza plagi, nikamjibu kahawia, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na kule chuo, shida ilikuwa hewa au petroli?"

Nilimwambia zote mbili. Nilimwambia kuhusu karo, na kuhusu kukaa darasani nikihesabu vigae vya dari. Hakunikatiza. Mwisho akasema angejua la karo angeuza ng'ombe. Nikamwambia ndiyo maana sikumwambia.

Tukakaa hivyo, laini ikiwa wazi, salio likiisha.

Agosti anakuja Nairobi. Anataka kuiendesha mwenyewe mpaka Limuru, aone mashamba ya chai. Limuru iko juu zaidi ya huku. Nimeshanunua jeti ya 115.