Mgeni, Mshipi na Bahari ya Dar es Salaam

Huenda nawe, ndugu msomaji, ni mmoja wa wale wanaokwenda Dar es Salaam kwa likizo au kwa arusi ya jamaa, na ndani ya mkoba wako, chini ya nguo, umeficha mshipi uliozungushwa kwenye kibao, ndoana tano na chubwi mbili. Mwenyeji wako hatakuelewa. Yeye ameishi Ilala au Temeke miaka ishirini, bahari huiona anapovuka kwenda Kigamboni, na samaki kwake ni kitu cha kununua. Ukimwuliza pa kuvulia atakunyoshea mkono upande wa mashariki, kana kwamba bahari yote ni mlango mmoja ulio wazi. Nimeyaandika haya kwa ajili yako, kwani nami nilifika mjini humo na mshipi kama huo wako, pamoja na ujinga ambao nusura umdhuru mtoto wa dada yangu.

Mimi ni mtu wa Mwanza. Nilijifunza kutupa ndoana kwenye mawe ya Capri Point, nikivua sato. Ziwani mvuvi wa ukingoni huchagua jiwe lake asubuhi, na jioni hulikuta vilevile, maji yakiwa yamesimama palepale yalipokuwa alfajiri. Ndiyo sababu mwana wa ziwa huuliza jambo moja tu: nivulie wapi? Pwani ya Dar es Salaam huanza na swali jingine kabisa, nalo ni: nivue lini?

Jumapili hiyo nilimchukua mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa, tukaenda Oyster Bay, pale wote wanapopaita Coco Beach. Tulifika saa nne na nusu asubuhi. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, na mbele yetu palikuwa na uwanja mpana wa mwamba wa matumbawe, wenye vidimbwi na kaa wadogo. Nilifurahi kama mtu aliyekuta karamu bila kualikwa. Tulitembea hadi jiwe la mwisho, lililoinuka, na hapo tukatupa mshipi. Kwa muda wa saa nzima na zaidi hatukuona badiliko lolote. Tulivua changu mdogo, tukacheka, mtoto akaweka samaki wake ndoo na akaanza kunisimulia habari za shule.

Sauti ya mzee ndiyo iliyotugutusha. Alikuwa amesimama ufukoni na mshipi wake begani, akipunga mkono. "Ewe bwana! Mlete mtoto, maji yamekwisha kurudi!" Niligeuka. Nyuma yetu, pale tulipopita kwa miguu mikavu, palikuwa na maji yanayokwenda kasi kama mto. Nilimpandisha mtoto mabegani. Maji yalinifika kiunoni, kisha kifuani, na mwamba ule wenye makali ukanikata nyayo, kwa kuwa viatu nilikuwa nimeviacha juu ya jiwe. Havikuonekana tena, wala ndoo, wala changu. Tulipofika mchangani nilimwamkia mzee shikamoo, naye akaitika marahaba kwanza, ndipo akanikaripia. Ninayokueleza sasa, sehemu kubwa nilijifunza kwake mchana ule, tukiwa tumekaa chini ya mvinje, mpwa wangu akila mihogo ya kukaanga.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kidogo. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na kila siku saa za maji huchelewa kwa kadiri ya dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua, ambapo maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Baina ya bamvua mbili ni siku za maji mafu, nayo husogea kidogo tu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba maji hupanda kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa huwezi kuona kitu. Saa ya tatu na ya nne ndizo yanapokimbia, na mara nyingi hupita kwanza katika mabonde yaliyo nyuma yako, si mbele unakotazama.

Sasa lipo jambo moja la kumfaa sana mgeni mwenye Jumapili moja tu. Katika mji huu siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa asubuhi hiyo na kupwa jioni hiyo. Kwa hiyo Jumamosi usiku toka nje utazame mwezi. Ukiwa mzima, au ukiwa haupo kabisa, lala kesho hadi uchoke, ule chakula cha mchana, kisha ukavue kuanzia saa nane, maji yanapopanda na samaki wanapoyafuata kuja kula mwambani. Ukiwa nusu, ondoka mapema. Siku hizi saa za maji hupatikana hata katika simu ya mkononi, lakini mwezi hauhitaji chaji.

Pa kwenda, nitakupa rai yangu. Mimi huanzia Feri. Mabasi ya mwendokasi yana kituo chao Kivukoni, na kutoka hapo ni hatua chache hadi soko la samaki, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa mwaka 2002. Hata kama hutavua hapo, nunua chambo: ngisi mmoja aliyekatwa vipande hudumu ndoanani kuliko kamba, ambaye samaki wadogo humnyofoa kabla hujahisi kitu. Tazama pia meza za wauzaji, kwani ndizo zitakazokufundisha majina: changu, tasi, kolekole, chewa, mkizi, chuchunge. Lango la bandari ni jembamba, na maji yote ya bandari huingia na kutoka hapo, hivyo mkondo ni mkali na chubwi yako iwe nzito. Usiwafungie njia wenye vyombo. Wala usisogee upande wa Ikulu au ndani ya eneo la bandari ukiwa na begi na uso wa kigeni. Utapoteza siku yako kwa kujieleza.

Ukivuka kwa pantoni, au kupitia Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016, fukwe za Kigamboni zina nafasi zaidi na watu wachache. Coco Beach ni pazuri wakati wa kaskazi, bahari inapotulia. Juni na Julai, kusi inapovuma, mawimbi hupiga mwamba kwa nguvu na mtoto hana kazi hapo. Ufuko wa katikati ya mji, ule wa barabara iliyokuwa ikiitwa Ocean Road, huachwa wazi sana maji yakipwa. Ufikie maji yakiwa karibu kujaa. Mlango wa mto Msimbazi, pale kwenye Daraja la Selander, utakuvutia kwa mikoko yake, nami nakushauri upite tu. Mto huo umepita katikati ya jiji ukizoa uchafu wa majumba na viwanda, na samaki wa hapo singependa kumwona katika sahani yangu. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu mwaka 1975. Ukienda kuogelea, mshipi uache nyumbani.

Kaskazini ya Msasani utakutana na shida nyingine, ambayo haiamuliwi na mwezi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Hata hivyo utatembea sana kando ya kuta, ukisikia mawimbi upande wa pili, kabla hujapata kichochoro cha kushukia. Usibishane na mlinzi. Yeye naye ni mfanyakazi wa mshahara. Waulize wanawake wanaorudi na ndoo za chaza na pweza. Popote wanapotokea wao, pana njia.

Neno la mwisho la mzee lilihusu jikoni. Tasi ni mtamu, ila miiba ya mgongo wake ina sumu, nawe mshike kwa kitambaa. Taa ana mwiba mkiani. Mkatie mshipi aende zake. Na ukimvua samaki anayejijaza upepo akawa kama mpira, huyo ni bunju. Sumu yake imo katika ini, mayai na ngozi, haiondoki kwa moto wala kwa ndimu, na huua. Mpwa wangu alitaka kumrudisha nyumbani mmoja wa namna hiyo, akauonyeshe mtaa mzima.

Jumapili iliyofuata tulikwenda tena, baada ya dada yangu kunitazama kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Maji yalikuwa mafu. Tuliondoka alfajiri, na tulivulia mchangani. Tulirudi saa sita na tasi wanne na kolekole mmoja. Dada aliwakaanga, akaweka wali mezani, kisha akauliza kama tumewanunua Feri. Mtoto akamjibu, "Mama, wa Feri hawana alama ya ndoana mdomoni," akamfunulia kolekole midomo ili ajionee.