Kipokezi cha Ndege Mahurunga: Safari ya Kwanza Ujombani

Ukifungua ramani ya ndege kwenye simu ukiwa Dar es Salaam, utaona vindege vimejazana kati ya Zanzibar, Nairobi na Dodoma. Isogeze kusini: ukishapita Kilwa vinapungua, na ndege inayoshuka Mtwara mara nyingi hufutika kabla ya kugusa ardhi. Ndege yenyewe iko salama. Kinachokosekana ni kifaa cha kuisikia kutoka chini. Ramani hizo hutegemea kwa sehemu kubwa vipokezi vidogo vilivyofungwa juu ya mapaa ya watu wa kawaida, na mahali pasipo na mpokeaji, anga huonekana tupu.

Mama yangu ni mzaliwa wa Mahurunga, kusini mwa mji wa Mtwara, kwenye bonde la chini la Mto Ruvuma. Mimi nilikuwa sijawahi kufika. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo lilikuwa deni. Likizo ilipowadia niliamua kwenda kuwaamkia wajomba, na kuwapelekea kipokezi.

Kabla ya safari nilizunguka maduka ya Kariakoo. Jambo la kwanza anayechagua vifaa hivi anapaswa kulijua ni kwamba kuiona ndege na kuisikia ni kazi mbili, na kila moja ina kifaa chake.

Kuiona kunatokana na mfumo uitwao ADS-B. Transponda ya ndege hutangaza yenyewe, kwa masafa ya 1090 MHz, utambulisho wake, mwinuko, kasi na mahali ilipo, na taarifa ya mahali hurudiwa takriban mara mbili kila sekunde. Kuinasa hakuhitaji mtambo wa gharama. Mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba kijifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta kama fleshi, kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazamia televisheni ya dijitali na chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kupokea masafa mengi ambayo hakikukusudiwa. Mtaalamu wa programu kutoka Sicily, Salvatore Sanfilippo, akaandika programu ya dump1090 ya kufasiri mawimbi ya ndege, akaitoa bure. Ukiunganisha kijifaa hicho na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, umepata kituo kinachotumia takriban wati 5 tu. Nilichagua chenye kichujio cha 1090 MHz ndani yake, kwa sababu minara ya simu hurusha mawimbi yenye nguvu karibu na 900 MHz, na kijifaa kisicho na kichujio huzidiwa.

Ipo njia nyingine. Flightradar24 ya Sweden na FlightAware ya Marekani hutoa vipokezi bure kwa waombaji wanaoishi sehemu zenye uhaba. Ni msaada mzuri kwa mwenye umeme na intaneti ya kudumu. Mimi nilitaka kifaa ambacho mjomba ataweza kukifungua, kukielewa na kukitengeneza, kinachofanya kazi hata siku bando limekwisha.

Kuisikia ndege kunahitaji redio. Marubani na waongozaji huzungumza kati ya 118 na 137 MHz kwa AM, wakati redio za nyumbani hukomea 108 MHz kwa FM. Tafuta redio yenye bendi iliyoandikwa AIR, kama Tecsun PL-660. Redio za upepo za bei nafuu ziachie hapo hapo dukani. Nyingi hazipokei AM, na zote zina kitufe cha kurushia sauti. Mtu anayetaka kusikiliza ndege hana sababu yoyote ya kumiliki kitufe hicho. Na kabla ya kununua chochote, waulize Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kinachoruhusiwa. Masafa na vifaa vya redio viko chini yao kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010.

Basi liliondoka Mbagala alfajiri. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukapita Nangurukuru na Lindi, na jioni ikatukuta Mtwara. Asubuhi nilichukua gari la kuelekea Kilambo, kwenye kivuko cha kwenda Msumbiji. Njia nzima ni mikorosho na minazi, kisha ardhi inaanza kushuka na hewa ya bondeni inakupokea, nzito, yenye harufu ya tope na mpunga.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Umechelewa miaka, lakini umefika.”

Mjomba ni fundi wa redio na simu. Alivipokea vifaa kimoja kimoja, akavigeuza mkononi, akasoma maandishi yote, kisha akasema tusifungue kitu kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliona mbali. Hapa ni mpakani, na tangu Kitaya, kijiji cha mkoa huu huu, kiliposhambuliwa Oktoba 2020 na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji, mgeni mwenye antena begani lazima ajieleze. Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja lililobeba yote:

“Kinasema, au kinasikiliza tu?”

“Kinasikiliza tu, mzee.”

“Basi kisikilize.”

Tukaanza kutafuta mahali. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo mwinuko ndio unaoamua, wa ndege na wa antena. Kwa kukadiria, ndege iliyo mita 11,000 juu huweza kupokelewa kutoka kilomita 430 hivi. Kwa Mahurunga hiyo ni sawa na kufika Comoro upande wa mashariki, kupita mji wa Pemba wa Msumbiji upande wa kusini, na kukaribia Dar es Salaam upande wa kaskazini. Ikishuka hadi mita 1,000, umbali unabaki kilomita 130; kwa mita 300, kama 70. Ndiyo maana kipokezi cha mbali hakiwezi kuiona ndege inayotua Mtwara, hata kiwe cha bei gani.

Nilidhamiria kutumia mnazi mrefu nyuma ya nyumba. Mjomba alikataa: mnazi huyumba, na mpanda mnazi si fundi wa antena. Mti wa mkoko nao haukatwi ovyo, kwani mwambao huu umo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Tukasimamisha mwanzi mkubwa kwenye pembe ya nyumba, ukapita juu ya paa la bati.

Antena tuliikata wenyewe kwa waya wa shaba: kipande cha wima cha sentimita 6.9, robo ya urefu wa wimbi la 1090 MHz, na vinne vya ukubwa huo vikiinama chini yake. Ya redio inahitaji sentimita 60, maana wimbi lake ni refu zaidi. Tatizo likawa waya wa kushukia. Ule mwembamba mweusi niliotoka nao Dar, RG-58, ukiwa na urefu wa mita 10 hula karibu robo tatu ya nguvu ya mawimbi haya kabla hayajafika kwenye kipokezi. Mjomba akaingia ndani, akatoka na waya wa dishi uliobaki kwenye kazi zake. Waya huo, RG-6, kwa urefu ule ule hupoteza kama theluthi moja tu, na unapatikana kila penye fundi wa ving'amuzi. Tukaukata uwe mfupi, kompyuta ikakaa chini ya dari karibu na mlingoti, na viungio vya nje vikafungwa utepe wa mpira kwa sababu chumvi ya baharini hula shaba upesi. Umeme ukatoka kwenye betri ya sola ya kibandani kwake.

Dakika chache baada ya kuwasha, mstari wa kwanza ukatokea kwenye simu ya mjomba: ndege kubwa, zaidi ya mita 11,000 juu, ikitoka Ghuba ya Uajemi kuelekea Johannesburg. Watoto walitoka nje kuitafuta, wakauona mkia wake mweupe. Jioni ilikuja tuliyoingoja, ya mapanga mawili, ikitoka Dar kwenda Mtwara. Tuliifuata ikishuka hadi mita mia chache, ndipo mwinuko wa ardhi kati ya bonde na mji ulipoificha. Kule ambako ramani ya simu yangu ilikuwa tupu, sasa palikuwa na mstari.

Redio nayo ilitufundisha. Sauti ya rubani ilifika safi kwa sababu yuko juu. Sauti ya mwongozaji aliye ardhini Mtwara haikufika kabisa. Tulisikia upande mmoja wa mazungumzo, ukimya, kisha upande ule ule ukijibu. Waliyosema sitayaandika, kwa kuwa hayakuwa yetu.

Mjomba akauliza kama chombo hiki kingeiona ile ndege ya Malaysia. Wavuvi wa pwani hii hawajaisahau: MH370 ilitoweka Machi 2014, na mwaka 2016 kipande cha bawa lake kiliokotwa kisiwani Pemba, Zanzibar. Nilimjibu kwamba kisingeiona. Transponda ya ndege ile ilinyamaza chini ya saa moja baada ya kuruka, na kipokezi cha nyumbani husikia tu chombo kinachojitangaza. Mwenye kununua ajue hivyo tangu mwanzo. Na ndege za vyombo vya ulinzi zikipita, kuzifuatilia mwachie aliyekabidhiwa kazi hiyo.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu baada ya safari hii ni kupanga fedha kinyume na dukani wanavyoshauri: kwanza mlingoti na ruhusa, pili antena na waya mfupi, tatu umeme usiokatika, mwisho kipokezi. Kipokezi cha bei ndogo mahali pazuri hukishinda cha bei kubwa kilichofungiwa chumbani.

Kazi bado haijakamilika. Ndege zenye transponda za zamani hazitangazi mahali zilipo. Huweza kukadiriwa pale tu vipokezi vinne au zaidi vinaponasa wimbi moja na kulinganisha muda lilipofika kwa kila kimoja. Mahurunga ni kimoja. Mjomba ameshawapigia mafundi wenzake wa Mtwara mjini, Newala na Lindi, na amewatumia vipimo vya antena.