Baltimore, kijiji cha bahari kilichohesabu watu wake

Kusini mwa Ayalandi, katika jimbo la Cork, barabara inaishia kwenye bandari ndogo. Hapo ndipo kijiji cha Baltimore. Tulikuta mashua za wavuvi, ngome ya zamani, na vyombo vinavyobeba watu kwenda visiwa vya Sherkin na Cape Clear. Penye mlango wa bandari kuna mnara mweupe wa kuonya meli. Wenyeji wanauita Mke wa Lutu, yule aliyetazama nyuma.

Na kweli kijiji hiki kina jambo la kutazama nyuma. Usiku wa tarehe 20 mwezi wa sita 1631, wanyang'anyi wa baharini walishuka hapa watu wakiwa wamelala. Walichukua watu zaidi ya 100, wengi wao wanawake na watoto, wakawapeleka Algiers kuuzwa utumwani. Mwaka 1646 wanawake 2 walikombolewa.

Tunajuaje haya yote? Ni kwa sababu orodha iliandikwa, nyumba kwa nyumba. Kwa William Gunter: mke, mtumishi wa kike na watoto 7. Orodha hiyo inasomwa mpaka leo.

Sisi wa Kivu tunajua usiku wa namna ile. Tunalia, tunazika, tunakimbia, lakini majina hatuyaandiki. Wamama, kila kikundi kiwe na daftari: jina la mtoto, umri, kijiji, siku aliyochukuliwa. Aliyeandikwa anaweza kutafutwa.